Kushambulia Ukiwa na Safu Dhaifu

(Mazungumzo haya yalitolewa na mwanachama mwenzetu siku ya mkutano wetu wa mwaka, mbele ya wanafunzi wa zamani, walimu na wanafunzi wa sasa. Tunayachapa kama alivyoyatoa.)



Hotuba niliyokuwa nimeiandaa ninayo mfukoni, na mtaniwia radhi nikiiacha huko huko. Ilihusu faida za michezo kwa afya, jambo ambalo sijapata kumsikia mtu akilipinga. Lakini leo asubuhi nilipofika nilipitia uwanjani, nikaitazama timu ya shule ikifanya mazoezi. Baadaye, wakati wa chai, nikasikia mazungumzo ya wenzangu kadhaa. Walikuwa wamekubaliana mambo mawili. La kwanza, timu ina namba kumi hodari na mawinga wenye mbio, ila safu ya nyuma ni dhaifu. Hilo ni kweli, nimeliona kwa macho yangu. La pili, ati dawa yake ni sisi wakubwa tuchange fedha, watafutwe vijana watatu wa mitaani waliokwisha komaa, wavalishwe sare ya shule kabla ya mashindano ya UMISSETA. Watu wa namna hiyo sote tunajua huitwaje. Huitwa mamluki.

Nimesimama kulipinga hilo la pili. Lakini sitahubiri. Kwamba mamluki ni udanganyifu, kila aliyemo humu anajua. Kijana aliyefungwa mabao manne hataki mahubiri, anataka kuambiwa naye atafungaje. Kwa hiyo nitajaribu kujibu swali moja tu: timu yenye safu dhaifu nyuma hushambulia vipi?

Nina haki kidogo ya kulizungumzia jambo hili, kwa sababu safu dhaifu ninayoijua kuliko zote ni ile niliyokuwamo mimi mwenyewe. Mwaka 1998 nilicheza namba tano hapa. Nilikuwa mrefu, basi. Mpira ukija juu niliuondoa kwa kichwa, lakini ukija chini nilihitaji muda mrefu wa kupatana nao. Namba tatu wetu alikuwa na mguu mmoja tu wa kupigia, nao ni wa kulia. Namba sita alikuwa kijana mwema mwenye pumzi fupi. Mbele, hata hivyo, tulikuwa na namba kumi ambaye akipata nafasi ya kugeuka na kulitazama goli, wapinzani huanza kumlaumu golikipa wao kabla mpira haujapigwa.

Tulicheza pasi fupi kutoka golini mwetu. Katika mazoezi, tulipocheza wenyewe kwa wenyewe, ilipendeza sana. Katika mechi ya kwanza wapinzani waligundua, kabla ya dakika kumi kwisha, kwamba hawana haja ya kumkaba namba kumi. Walimkaba mtu wa kumpelekea mpira, yaani mimi. Tulifungwa 4-0, na mabao matatu yalianzia mguuni pangu. Namba kumi wetu alizunguka uwanja mzima kama mgeni aliyepotea njia.

Nilirudi nyumbani siku ile nikiamini kwamba kosa lilikuwa langu tu. Sehemu lilikuwa langu. Lakini lilikuwapo kosa jingine kubwa zaidi, nalo ni la mchezo tuliouchagua. Pasi fupi kutoka nyuma huhitaji mabeki wenye uwezo wa kukaa na mpira hadi namba kumi afunguke. Sisi hatukuwa na mabeki hao. Tuliuchagua mchezo kwa kumtazama mtu wetu bora, wakati tulitakiwa kwanza kumtazama mtu wetu dhaifu.

Jambo hili nililielewa vizuri miaka tisa baadaye, tena katika mchezo usio wetu. Mwaka 2007 nilikuwa Marekani kwa masomo ya shahada ya pili. Huko wana mpira wao wa kukimbia nao mkononi, na vyuo vikuu vyao huushindania kwa hamasa kama ya Simba na Yanga. Nitaueleza kwa kifupi. Kila upande una watu 11, na mpira una umbo la yai. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10, yaani kama mita 9. Ikifaulu, hupewa manne mengine. Anayegawa mpira huitwa kwotabeki, na mbele yake husimama watu watano wenye miili mikubwa. Hao watano kwa kawaida hawaruhusiwi hata kupokea pasi ya mbele. Kazi yao ni kuwa ukuta, wapinzani wasimfikie kwotabeki kabla hajaamua la kufanya.

Sasa kipo Chuo cha Wanamaji cha Marekani, kilichoko Annapolis katika jimbo la Maryland. Wanafunzi wake ni maofisa watarajiwa. Wana masharti ya uzito na siha, na wakihitimu hulazimika kutumikia jeshi, kwa kawaida miaka mitano. Kwa hiyo vijana wenye miili mikubwa kabisa na ndoto za kulipwa kwa kucheza huenda vyuo vingine, na ukuta wa Wanamaji mara nyingi huwa mwembamba kuliko wa wapinzani wao. Kila mwaka walicheza na Notre Dame, chuo chenye jina kubwa katika mchezo huo, na kuanzia mwaka 1964 hadi 2006 walifungwa mara 43 mfululizo bila kukosa hata mwaka mmoja. Tarehe 3 Novemba 2007 nilikaa mbele ya televisheni ya bweni pamoja na wenzangu, nikawaona Wanamaji wakishinda 46-44 baada ya vipindi vitatu vya nyongeza. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: Notre Dame ya mwaka ule ilikuwa mbovu, ilimaliza msimu na ushindi 3 na vipigo 9. Lakini jinsi Wanamaji walivyocheza ndiyo iliyonifanya nisilale.

Kocha wao, Paul Johnson, hakujaribu kuwazuia wapinzani wote. Mpinzani mmoja, na mara nyingine wawili, waliachwa makusudi bila kuguswa. Kwotabeki aliwatazama hao tu. Wa kwanza akimvamia mkimbiaji wa kati, kwotabeki hubaki na mpira na kukimbia nao pembeni. Wa pili akimvamia kwotabeki mwenyewe, mpira hurushwa kwa mkimbiaji mwingine aliye nje zaidi. Kila walipochagua walikuwa wamechelewa. Na wale watu wa ukuta ambao wangepoteza nguvu zao kuwazuia hao wawili, wakawa huru kwenda kuwasaidia wenzao mahali pengine.

Mtu wa Mwanza asishangae sana. Tazameni nyumba zilizopanda milima yetu, Mabatini na Isamilo. Jiwe kubwa likiwamo kiwanjani, fundi haanzi kulisukuma. Huuliza kwanza ukuta upite wapi, na mara nyingine jiwe lenyewe hugeuka kuwa sehemu ya msingi. Mpinzani usiyeweza kumwondoa ndivyo anavyotakiwa kutazamwa.

Tangu siku ile nilianza kusoma habari za makocha wengine wa huko waliokuwa na tatizo kama hilo. Nitawataja wawili tu. Mwaka 1970 timu ya kulipwa ya Cincinnati ilikuwa changa, ikiwa katika msimu wake wa tatu, na safu yake haikuweza kuwasukuma wapinzani. Kwotabeki wake, Virgil Carter, hakuwa na mkono wa kurusha mbali. Kocha msaidizi Bill Walsh akatunga mchezo wa pasi fupi za haraka kwenda pembeni, mpira ukimtoka Carter kabla wapinzani hawajafika. Mchezo uliozaliwa kwa unyonge huo Walsh aliupeleka baadaye San Francisco, akatwaa nao ubingwa mara 3. Mwingine ni Mike Leach, aliyefundisha chuo cha Texas Tech kuanzia mwaka 2000 hadi 2009. Yeye aliwasimamisha watu wake watano mbalimbali, akaacha nafasi pana kati ya mmoja na mwenzake, ili mpinzani anayetokea pembeni awe na safari ndefu zaidi ya kumfikia kwotabeki.

Ndugu Mwenyekiti, natoka Marekani sasa, narudi kwenye uwanja wetu. Kwa makocha hao watatu nimeokota mambo matatu: mpira uondoke mapema, uwanja upanuliwe, na mpinzani usiyemweza alazimishwe kuchagua. Nayaeleza kwa kandanda, moja moja.

La kwanza, mpira uondoke mapema. Beki dhaifu akipewa njia tano za kupitisha mpira hupotea katika zote. Mpeni mbili. Baada ya kile kipigo cha 4-0, mwalimu wetu aliniambia hivi: ukipokea mpira, simama ukiwa umeupa mstari wa pembeni kifua, si umelipa goli letu uso. Kisha una njia mbili: winga aliye mstarini, au golikipa. Ya tatu haipo. Namba kumi naye alipewa amri iliyomchukiza mwanzoni: ashuke karibu nasi, na mpira ukimfikia asigeuke, aupige mara moja kwenda kwa winga wa upande wa pili, kisha ndipo akimbie mbele kuufuata. Alilalamika kwamba anafanywa tarishi. Mechi ya tatu alifunga mawili, akaacha kulalamika. Zoezi lake ni jepesi, wala halihitaji vifaa. Wachezaji wanne wasimame kwa mraba na mmoja katikati, na kila mtu ataje kwa sauti jina la atakayempelekea kabla mpira haujamfikia mguuni. Asiyetaja aingie katikati. Wiki mbili za zoezi hilo zitamsaidia beki mzito kuliko hotuba kumi.

La pili, upana. Mawinga wetu nimewaona asubuhi wakiingia ndani kuutafuta mpira, na kila anayeingia huja na mpinzani wake, mwisho wake watu wanane wanagombania eneo la ukubwa wa darasa. Wakae mstarini hadi buti zao zipate chokaa. Zipo pia sheria za mchezo zinazowasaidia wanyonge, nazo hazitumiwi. Tangu mwaka 2019 mpira wa goli kiki huhesabiwa uko mchezoni mara tu unapopigwa, na mchezaji mwenzako anaweza kuupokea ndani ya eneo la hatari. Sheria hiyo ndiyo iliyozidi kuzipa timu kubwa za Ulaya hamu ya kuanzia chini, na vijana wetu wanaziona katika televisheni na kuziiga. Lakini ipo sheria nyingine ya zamani zaidi: hakuna kuotea mpira unapotoka moja kwa moja kwenye goli kiki, mpira wa kurusha, au kona. Maana yake, golikipa wetu anapopiga goli kiki, namba tisa anaweza kusimama nyuma ya mabeki wao bila kosa lolote. Wakimwacha, wamejitia hatarini. Wakimfuata, safu yao imevutwa nyuma, na katikati pamebaki uwazi ambamo namba kumi anaweza kuupata mpira akiwa peke yake. Hata golikipa asipoweza kupiga mbali sana, kule kusimama tu kwa namba tisa kumefanya kazi.

La tatu ndilo gumu, na ndilo nililolipenda kuliko yote. Timu pinzani zitakuja kukabia juu, zikituma mtu wao mwenye kasi kumvamia beki wetu. Wengi wetu husema: mwondoeni haraka. Mimi nasema, mwacheni aje. Wavuvi wa dagaa wa ziwa letu hawawafukuzi dagaa gizani. Huwasha karabai, hungoja dagaa waifuate taa, ndipo nyavu huvutwa. Beki wetu awe ile taa. Mpinzani anapomjia, awepo mwenzetu mmoja karibu kwa pasi fupi, na mwingine nyuma ya huyo mpinzani, pale pale alipoondoka. Akiifunga njia ya karibu, ya mbali iko wazi. Akirudi kuifunga ya mbali, beki ana nafasi ya kupumua. Hapo tumekuwa wawili dhidi ya mmoja bila kuwa na nguvu kuliko yeye. Ila nawaonya: karabai haiwashwi katikati ya nyumba ya nyasi. Mtego huu ufanyike pembeni, karibu na mstari, ambako kosa litatugharimu mpira wa kurusha. Mbele ya goli letu, hata siku moja.

Mtu ataniuliza: kwa nini tusibutue tu? Swali ni halali. Kubutua ni kuupiga mpira mbali ukiwa hujui unakwenda kwa nani. Kupiga mrefu ni jambo jingine: kila mtu anajua utaangukia wapi, na watu watatu wamekwisha sogea kuuokota mpira wa pili. Ukibutua, mpira hurudi kwako baada ya sekunde kumi, na safu yako dhaifu hufanya kazi ile ile upya, mara hii ikiwa imechoka zaidi. Tuliyaona hayo kwa Taifa Stars wetu. Tarehe 21 Januari 2024, katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika, walicheza na Zambia mjini San Pédro, Ivory Coast. Dakika ya 11 mpira ulinaswa, ukapelekwa mbele bila kuchelewa, Mbwana Samatta akampenyezea Simon Msuva, naye akafunga. Huo ndio mpira wa mtu asiyetaka kukaa nao nyuma, nao ulikuwa mzuri. Kabla ya mapumziko Zambia ikabaki na watu 10. Lakini kwa jinsi nilivyoutazama mimi, kipindi cha pili tulirudi nyuma zaidi na zaidi, mipira ikawa inaondolewa tu. Dakika ya 88 Patson Daka akasawazisha. Siwalaumu vijana wale. Nasema tu kwamba hata mbele ya watu 10, safu haipumziki kama mbele hakuna anayeushika mpira.

Wala nisiwadanganye kwamba mambo haya matatu ni dawa ya kila ugonjwa. Namba kumi atachoka zaidi, kwa kuwa anashuka na kupanda. Mkifungwa mapema mabao mawili, wapinzani wataacha kuja juu, na mtego wenu hautakuwa na wa kumnasa. Na yote yanataka mazoezi mengi kuliko yanayofanywa na timu yenye mabeki hodari. Sisi mwaka ule, baada ya kubadilika, tulicheza mechi sita: tulishinda tatu, tukatoka sare mbili, tukafungwa moja. Kombe hatukulipata. Lakini sikufungisha tena mabao matatu katika siku moja, na hadi leo nikikutana mjini na yule namba tatu wa mguu mmoja, tunazungumza juu ya mechi zile kama watu waliowahi kuwa wachezaji.

Hapo ndipo ninaporudi kwa mamluki. Tukiwaleta hao watatu, kuna vijana watatu wa shule hii watakaokaa benchi. Huenda wakashangilia kombe, lakini hawatajifunza kupokea mpira, na mwakani mamluki watakapokuwa wamekwenda zao, safu itakuwa dhaifu vile vile. Namba kumi naye hatajifunza kushuka kuwasaidia wenzake, maana ameletewa watumishi. Na wakigundulika, adhabu haitatufikia sisi tuliochanga fedha. Watakaoondolewa mashindanoni ni vijana wanaosoma kweli. Wazee walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mbachao wetu una matundu, nakubali, lakini ni wetu, na uzi wa kuushonea tunao.

Kwa hiyo natoa pendekezo, Ndugu Mwenyekiti, na naomba liandikwe katika kumbukumbu za mkutano. Fedha iliyotajwa wakati wa chai ikusanywe kama ilivyokusudiwa, lakini inunue mipira, neti na chokaa ya kuchorea uwanja, na inayobaki isawazishe lile bonde lililo mbele ya goli la upande wa mtoni, ambalo limewaaibisha mabeki wengi kuliko fowadi yeyote. Mimi naanza na mipira minne. Na kama mwalimu wa michezo ataniruhusu, Jumamosi nitakuja asubuhi kusimamia lile zoezi la kutaja majina. Mabeki wafike kwanza. Namba kumi naye asikose.